Habari za Vijiji Vyetu: Haydom na Lile Neno "Pori Tupu"

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twaiweka kando ile habari ya mafundi wa matofali tuliyowaahidi, kwa kuwa imetufikia barua isiyokubali kungoja.

Mwalimu mmoja wa pande za Haydom, katika wilaya ya Mbulu, aliwapa watoto wa darasa lake kazi ya kuandika historia ya mahali pao. Alipokusanya madaftari aliona kwamba karibu wote wameanza kwa maneno yale yale: "Hapo zamani palikuwa pori tupu. Wakaja wamisionari wakajenga hospitali." Akayasoma maneno hayo kwa sauti mbele ya darasa. Ndipo kijana mmoja wa nyumba ya Kidatoga akasimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, babu yangu alizaliwa katika pori hilo tupu." Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. Atuuliza: je, aifute sentensi ile katika madaftari yote, ama aiache?

Nasi hatukucheka, kwani twaungama kwamba neno hilo limetoka katika kalamu yetu pia, wala si mara moja. Ni neno jepesi sana kuandika. Basi imetupasa kukaa na kulitazama vema, maana Haydom si mahali pa kuelezwa kwa sentensi mbili.

Asiyepajua na asikie kwanza palivyo. Msafiri atokaye Mbulu mjini hushuka kuelekea kusini, akapita Dongobesh, akaendelea mpaka nchi inapofunguka na upepo unapokuwa mkavu. Haydom ipo juu ya uwanda wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Upande wa kusini-mashariki husimama mlima Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, ambao siku za mvua huvaa wingu kama mzee avaavyo shuka. Upande wa kaskazini liko bonde la Yaeda, na ng'ambo yake ziwa Eyasi. Kusini kuna Basotu na ziwa lake, na magharibi ni nchi ya Waisanzu na Wanyiramba. Katika mazingira hayo hukutana watu wa lugha za namna nne zisizofanana hata kidogo: Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamaa ya Wakushi wa kusini, Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Waniloti, Waisanzu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu, na Wahadzabe, wenye vidoko vya ulimi katika usemi wao, ambao wataalamu hawajapata kuwaonea ndugu wa hakika kwa lugha. Mahali pengine pa namna hiyo katika Afrika nzima ni shida kupaonyesha. Twauliza basi: mahali panapokutana watu wa namna nne palipataje kuitwa tupu?

Tuanze na Wahadzabe. Hao hawalimi wala hawafugi. Huchimba mizizi, huchuma matunda ya msituni, hufuata asali, huwinda kwa upinde, na wakiondoka mahali huacha kibanda cha majani ambacho mvua moja hukimaliza. Mtu aliyezoea kutafuta dalili za watu kwa kuangalia mashamba na nyumba atapita katika nchi yao kutwa nzima aseme hakuona mtu. Kumbe wao wamemwona tangu asubuhi.

Wadatoga wao ni wafugaji. Wazee wao wakumbuka Ngorongoro, ambako Wamasai waliwaondoa katika karne ya 19, wakashuka kusini na makundi yao mpaka nchi za Hanang. Mfugaji naye huhama, na boma lililoachwa hurudi kuwa nyasi. Lakini Wadatoga wana alama moja isiyohama, nayo ni bung'eda, kaburi la mzee mwenye heshima, linaloinuliwa juu kwa udongo mbele ya watu wengi waliokusanyika, nao wazao wake hulikumbuka kwa vizazi. Penye bung'eda pana mwenyewe. Kijana yule wa darasani, alipotaja kuzaliwa kwa babu yake, nadhani alikuwa na jambo la namna hiyo moyoni.

Sasa pori lenyewe. Wengi hudhani pori ni kitu cha tangu kuumbwa kwa ulimwengu, lakini pori nalo lina umri wake. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikaua ng'ombe wasiohesabika, na baada yake njaa na ndui zikawaondoa watu. Mahali pengi ambapo zamani ng'ombe walikula nyasi na watu walikata kuni na kuchoma majani, vichaka viliota bila kuzuiwa, na vichakani wakaingia wanyama wa mwitu, na pamoja nao mbung'o, yule inzi aletaye nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Akishakuwapo mbung'o, mfugaji hawezi kurudi. Kwa hiyo mzungu aliyepita miaka thelathini baadaye akaandika katika kitabu chake kwamba nchi hii haina watu, huenda alikuwa akitazama nyumba ambayo mwenyewe alitoka kwa sababu ya ugonjwa, naye akadhani haikupata kuwa na mtu.

Na Wairaqw je, ambao leo ndio walio wengi Haydom? Kitovu chao ni milima ya Kainam, iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, nchi ndogo wanayoiita Irqwa Da'aw. Humo waliishi wamebanana, wakilima kwa uangalifu mkubwa penye miteremko, kwa maana nje walizungukwa na watu wenye mikuki. Wadachi walipojenga boma Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, na vita vya ng'ombe vikapungua, ndipo Wairaqw walipoanza kutoka: wengine kaskazini kuelekea Karatu, wengine kusini kuelekea Dongobesh. Watu waliongezeka, ng'ombe waliongezeka, lakini milima haikuongezeka.

Serikali ya Waingereza iliona jambo hilo ikaogopa kwamba udongo wa Mbulu utakwisha kwa kukanyagwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaanzisha mpango wa maendeleo ya Mbulu: ng'ombe wapunguzwe, vichaka vikatwe mbung'o akose kivuli, na watu wahamie nchi iliyosafishwa. Mbung'o hafukuzwi kwa shoka la siku moja. Vichaka vikikatwa vikaachwa, huota tena, na inzi hurudi. Lakini watu wakikaa pale wakilima, wakikata kuni, wakichunga, basi wao wenyewe ndio ukuta. Serikali ilitaka watu wakae kusini kwa sababu hiyo. Wazee wengi hukumbuka zaidi ile sehemu ya kupunguza ng'ombe, wala hawaikumbuki kwa furaha.

Wakati huo huo kulikuwa na watu wengine waliotafuta mahali. Misioni ya Kilutheri ya Norwei ilianzishwa mwaka wa 1891 kwa ajili ya kazi katika nchi ya China, na kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini moyo wake wote ulikuwa huko. Wakomunisti waliposhika utawala wa China mwaka wa 1949, wamisionari walilazimika kuondoka, nayo misioni ikageukia nchi nyingine, na Tanganyika ni mojawapo. Tena Walutheri wa Tanganyika walikuwa na upungufu wa watenda kazi tangu Vita Kuu ya pili, Wadachi walipoondolewa katika vituo vyao. Wamarekani wa Augustana, waliokuwa Iramba tangu mwaka wa 1926, walikuwa wamechukua mizigo mingi kupita nguvu zao. Hivyo njia ya kwenda Haydom ilianzia, kwa namna fulani, katika vijiji vya China. Tumewahi kumweleza mzee mmoja wa Dongobesh jambo hili, akatikisa kichwa akasema, "Basi Wachina ndio waliotupa hospitali."

Serikali ilitaka watu katika nchi mpya. Misioni ilitaka kujenga hospitali pasipokuwa na hospitali. Mambo hayo mawili yakakutana. Ujenzi ulianza mwaka wa 1953, na mwezi wa Januari mwaka wa 1955 hospitali ikafunguliwa, yenye vitanda 50. Vitanda hivyo havikuwa vya mji wowote, kwa kuwa mji haukuwapo. Kwa desturi mji hukua, kisha watu wake hulilia hospitali. Haydom hospitali ilitangulia, nao mji ukaja kuizunguka.

Fikirini jinsi inavyokuwa. Mgonjwa haji peke yake. Huletwa na mumewe au dada yake, na jamaa hao hulala, hula, na hununua chumvi. Anayeuza chumvi hujenga kibanda. Mwenye kibanda huhitaji unga, na mwenye mashine ya kusaga huona faida. Wauguzi wana watoto, na watoto wataka shule. Jengo lataka waashi na maseremala, motokaa zataka mafundi, na fundi aliyejifunza kazi karakana ya hospitali huenda akafungua yake barabarani. Barabara yenyewe haikuwapo, ikabidi itengenezwe. Hospitali hii ilijulikana kwa muda mrefu kwa kushika majembe ya barabara na maji sawasawa na ilivyoshika sindano. Ukatengenezwa uwanja wa eropleni ndogo, na kwa eropleni za MAF wauguzi waliweza kufika vijiji vya mbali kuwapima watoto na akina mama mahali ambapo motokaa huzama katika tope. Baadaye ikafunguliwa shule ya wauguzi, vijana wakaja kutoka mikoa mingine. Hivi ndivyo mahali pa vitanda 50 palivyogeuka kuwa mji mdogo.

Katika habari hii jina la Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen halikosekani. Alifika mwaka wa 1961 akaiongoza hospitali kwa miongo mingi, hata watu wengi wa nchi ile walikuwa wakisema "kwa Olsen" walipomaanisha hospitali. Mwanawe, Daktari Øystein Evjen Olsen, alikuja kuiongoza vilevile baadaye. Twamtaja kwa heshima. Lakini tunawasihi walimu wasiwafundishe watoto kwamba mtu mmoja alijenga Haydom. Kila tofali lilichukuliwa na mtu, na maji ya kukandia udongo yalitekwa na mtu, na wengi wao walikuwa akina mama ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Kama wajukuu wao wanasoma gazeti hili, na wayaandike sasa.

Tuliwahi kusikia watu wakistaajabu: imekuwaje wenyeji wakubali upesi dawa za wageni? Wengine hujibu kwamba wageni walikuwa na elimu na wenyeji hawakuwa nayo, na jibu likaishia hapo. Jibu hilo ni fupi mno. Mtafiti mmoja wa Norwei aliyekaa na Wairaqw, Ole Bjørn Rekdal, aliandika mwaka wa 1999 kwamba Wairaqw tangu zamani walikuwa na tabia ya kutafuta uganga kwa watu wa kabila jingine. Kwa habari ya mvua waliwaendea Waisanzu. Kwa mambo mengine waliwaendea wajuzi wa Kidatoga. Uganga utokao mbali, kwa watu wenye lugha nyingine, ulihesabiwa kuwa na nguvu kuliko wa jirani. Basi alipotokea mganga mweupe aliyetoka mbali kupita wote, hakuvunja desturi yao. Aliingia kwa mlango uliokuwa wazi zamani. Jambo hili latupendeza, kwa sababu laonyesha kwamba wenyeji walipokea kwa akili zao wenyewe na kwa mpango wao wenyewe.

Hata hivyo kulikuwa na mlango mmoja mgumu, nao ni wa mama mwenye mimba. Hapa twaomba akina baba wasome pole pole.

Wairaqw wana neno meeta. Maana yake ni kutengwa kwa ajili ya unajisi uletwao na mauti ya namna fulani. Mama aliyezaa mtoto mfu, au aliyeharibikiwa na mimba, aliwekwa katika hali hiyo. Hakuingia katika nyumba za watu, hakunywa nao katika chombo kimoja, jirani walimwepa njiani, tena si kwa ubaya bali kwa hofu, wakiogopa msiba usiingie kwao. Siku hizo zilikuwa nyingi. Mama aliyekuwa amekwisha kumpoteza mtoto alipoteza na majirani pia, wakati ule ule alipowahitaji. Kanisa lilipambana na desturi hiyo, serikali nayo ikaikataza, na mahali pengi imelegea; lakini msomaji aliyezaliwa nchi hiyo ajua kwamba hofu hukawia kuondoka kuliko amri.

Kwa hiyo mtoto akilia Haydom chumbani mwa wazazi, si uhai mmoja tu uliookoka. Na hapo ndipo palipofanyika kazi ambayo twaona kuwa kubwa kuliko majengo yote.

Watoto wengine huzaliwa bila kuvuta pumzi. Hawakufa bado, wanangoja kusaidiwa. Mkunga humpangusa mtoto, humsugua mgongoni, na asipolia, humpulizia hewa kwa mfuko mdogo wenye kifuniko cha uso. Si kazi ya mitambo mikubwa. Ni kazi ya mikono, na ya upesi. Katika miaka ya karibu na 2010 watafiti walikaa Haydom wakitazama kila uzazi na kuhesabu sekunde, wakaona kwamba kila nusu dakika mkunga anapochelewa kuanza kumpa mtoto hewa, hatari ya kifo huongezeka kwa asilimia 16. Nusu dakika! Ni muda wa kutafuta kitambaa, au wa kuita mwenzako aliye chumba cha pili.

Wakunga walikuwa wamefundishwa, lakini mafundisho ya siku moja husahaulika kama wimbo usioimbwa. Basi wakaweka mwanasesere wa mazoezi pale pale wodini, kila mkunga apate kujizoeza dakika chache, mara kwa mara, kabla ya kuanza zamu yake. Daktari Estomih Mduma na wenzake walitangaza matokeo mwaka wa 2015: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa 11.1 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, vikashuka hadi 7.2. Katika hospitali nane za Tanzania zilizofundisha wakunga kazi hiyo kuanzia mwaka wa 2009, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1. Kisha mazoezi hayo yakapelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwamo, na habari yake ikachapishwa Marekani mwaka wa 2025: vifo vya watoto wanaozaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila 1,000. Waliohesabiwa humo ni karibu akina mama laki tatu.

Tazameni basi mwendo wake. Hospitali iliyojengwa mahali palipoitwa tupu imekuwa mahali ambapo wakubwa wa mbali hujifunza jinsi ya kumvutisha mtoto pumzi.

Baada ya kusema hayo, imetupasa kusema na yale yasiyopendeza, la sivyo tutakuwa tumemjibu mwalimu nusu. Nchi iliyosafishwa na kujaa mashamba ya Wairaqw ilikuwa imekwisha kuwa malisho ya watu na mawindo ya watu. Mkulima akiingia, mfugaji husogea, na mwindaji husogea zaidi. Hospitali haikumfukuza mtu, nayo iliwapokea wote waliofika mlangoni pake. Lakini hospitali ilikuwa sababu mojawapo ya watu kuja, na waliokuja walihitaji ardhi.

Wadatoga wa Hanang walipata pigo kubwa zaidi kutoka mahali pengine. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la serikali, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano Basotu, mashamba saba, jumla yake karibu ekari 100,000, katika malisho bora ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Matrekta yalipita hata juu ya bung'eda. Wenyeji walikwenda mahakamani. Wengi wao walihama wakatawanyika mikoa mingine, na leo waweza kumkuta Mdatoga na ng'ombe wake mbali sana na Hanang, watu wakimwuliza ametoka wapi.

Wahadzabe nao serikali ilijaribu kuwaweka kijijini Yaeda Chini mwaka wa 1964, wajifunze kulima. Watu waliozoea kukaa wachache wachache na kuhama walikusanywa pamoja, maradhi yakawaingia, wengine wakafa, na waliobaki wakarudi porini. Watu husema walikataa maendeleo. Sisi twaona walikimbia mauti, kama mtu yeyote mwenye akili. Mwaka wa 2011 ndipo Wahadzabe wa Yaeda walipopewa hati ya haki miliki ya kimila, si ya mtu mmoja mmoja bali ya jamii nzima, kwa nchi ya hekta karibu 20,000. Ilikuwa hati ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Basi serikali yenyewe imeandika katika karatasi yenye muhuri kwamba pori lile lina wenyewe. Mwalimu aweza kuwaeleza watoto hilo bila hofu.

Mwaka wa 1963, Walutheri wa Tanganyika walipoungana kuwa kanisa moja, hospitali ilitoka mikononi mwa misioni ikawa ya kanisa la Mbulu. Mwaka wa 2010 ikapandishwa kuwa hospitali ya rufaa, na vitanda vyake vimepita 400. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka Norwei, kwa serikali yao na kwa marafiki wanaochanga huko, nazo fedha za namna hiyo hupungua. Mwenye nyumba na ajue mzigo wa nyumba yake. Mafuta ya motokaa ya wagonjwa, dawa, mishahara ya wakunga wale wanaohesabu sekunde: vyote hivi vina bei. Ada ikipanda, anayebaki nyumbani si mwenye duka wa Haydom. Atakayebaki ni mama wa Yaeda, na mama wa boma la mbali la Kidatoga, aliye mbali kwa mwendo na maskini kwa fedha taslimu hata akiwa na ng'ombe zizini. Kaya za Kikristo zilizo na uwezo zisidhani bima ya afya na mchango wa hospitali ni mambo ya ofisini tu. Katika mikutano ya wazee wa kanisa tumesikia mara nyingi hoja ndefu juu ya rangi ya paa la kanisa, na hoja fupi sana juu ya jambo hili.

Turudi sasa kwa mwalimu wetu na madaftari yake. Bwana mwalimu, usiifute sentensi ile. Waache watoto waione, kisha waandike chini yake nyingine. Wagawe makundi manne. Kundi moja liende kwa babu wa kijana yule, kwa adabu, na kumpelekea tumbaku kama ilivyo heshima, limwulize mahali pale paliitwaje kabla ya hospitali, maji ya kunywesha yalikuwa wapi, na bung'eda ya karibu ni ya nani. Kundi la pili limtafute mzee wa Kiiraqw aliyefika akiwa kijana, aeleze waliondoka Kainam au Dongobesh mwaka gani na walikuta nini. La tatu liende kwa Waisanzu sokoni. La nne, ikiwa pana njia, liulize Wahadzabe wajapo kuuza asali. Pale Haydom kuna kituo cha utamaduni cha makabila hayo manne. Waweza kuanzia huko. Na mtoto mmoja mwenye mwandiko mzuri akae na wauguzi wa zamani waliostaafu, aandike majina ya wakunga wa kwanza.

Kijana yule wa Kidatoga usimfanye shahidi mbele ya wenzake kila siku. Watoto huchoka kuwa mfano. Mpe kazi ya kuandika kama wengine, ila umwombe ruhusa ya kulisoma daftari lake mwisho.

Wasomaji wengine mlio na habari za Haydom, Dongobesh, Basotu au Yaeda Chini, tuleteeni kabla ya mwisho wa mwezi. Majina ya mahali myaandike kwa lugha ya mwenyewe, na maana yake kando. Picha za zamani tutazirudisha. Habari ya mafundi wa matofali itatoka mwezi ujao.